Fikra za kikompyuta
Uwezo wa kuligawa tatizo katika hatua ndogo ambazo mtu au mashine inaweza kuzifuata. Seymour Papert, mmoja wa waundaji wa lugha ya programu ya Logo (1967), alishikilia kwamba mtoto huelewa zaidi anapounda kitu. Kompyuta si sharti. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, zamu za maji ya mifongo, mifereji ya asili ya Wachaga, zina masharti, mpangilio na marudio kama ya programu. Ni vigumu kupata somo bora zaidi la kuanzia. Kuhusu kujifunza kwa kuunda, jijini Arusha kituo cha Twende hufundisha ubunifu wa vifaa kwa mikono. Kwa wenye kompyuta, lugha ya programu ya Scratch (2007) inapatikana kwa Kiswahili, na hutumika hata pasipo intaneti.