Adui Aliyealikwa Karamuni London

Usiku wa kuamkia Novemba 4, 1914, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alipanda baiskeli, akaingia Tanga na wenzake wawili. Mji ulikuwa kimya. Bandarini aliziona meli za Waingereza zikiwaka taa, shehena ikiendelea kushushwa. Kamanda mzima, kwenda mwenyewe kuchungulia!

Mchana huo, askari wake wapatao 1,000 waliwatimua wapiganaji wa Waingereza kama 8,000 waliotoka India. Nyuki nao waliingia vitani, bila kubagua upande. Waliokimbilia melini waliacha bunduki kwa mamia na risasi laki sita.

Kwa miaka minne hakukamatika. Manowari Königsberg ilipoangamizwa Rufiji mwaka 1915, mizinga yake iliopolewa ikakokotwa hadi nchi kavu. Kwinini ilipoadimika, magome ya mti wake yalichemshwa, na Wajerumani waliokunywa uchungu ule wakauita, kwa kejeli, pombe ya Lettow.

Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliletwa mwaka 1916 kumsaka. Kaburu huyo alikuwa amewasumbua Waingereza hao hao kwa vita vya msituni miaka 15 kabla, hivyo aliujua ufundi alipouona. Kaiser alipomtunuku Lettow nishani ya Pour le Mérite, habari zilimfikia porini kwa barua ya Smuts, yenye pongezi. Mwaka 1929 wakaketi karamu moja London, Lettow akiwa mgeni wa heshima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mzee huyo akiwa hana kitu, Smuts alimtumia vifurushi vya chakula.

Uungwana huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wa wakubwa kwa wakubwa. Lettow aliishi kwa kuchukua chakula cha wanavijiji, na majeshi yaliyomfukuza yalifanya vivyo hivyo. Ugogo, ghala zilizokombwa na pande zote mbili pamoja na ukame zilizaa njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya.

Alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikufa mwaka 1964, na Ujerumani Magharibi ikaamua kuwalipa askari wake waliosalia mishahara waliyokuwa wakidai. Wapagazi wa Waingereza, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, hawakualikwa karamu yoyote. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakalitamka jina hilo kwa namna yao, na sokoni Dar es Salaam bado linatajwa kila siku: Kariakoo.