Mzee, Kamera na Jua la Kusini

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya mjini Leipzig, aliteremka Lindi akiwa na kamera, sahani za kioo za kupigia picha, fonografu ya kunasa sauti na mashine ya sinema. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905, vilikuwa havijazimika kabisa. Mtaalamu huyo alizunguka Masasi, Newala na Mahuta, sehemu ambazo leo zimo katika Mkoa wa Mtwara, huku akisindikizwa na askari wenye bunduki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908 kikiwa na picha tele.

Watu huzitazama sura za watu wazima katika picha za namna ile wakasema, tazama jinsi mzee alivyozama katika fikra! Mimi nina shaka. Porini hapakuwa na taa ila jua, na jua la kusini likishafika utosini hutia weusi katika mashimo ya macho na kumkunjisha mtu uso. Aliyesimamishwa hapo hana budi kufinya macho. Nasi tunaita tafakuri! Tena nyuma ya mpiga picha alikuwapo askari. Katika nchi iliyokuwa imetoka kuchomewa vijiji na maghala ya chakula, nani angethubutu kusema hapana, sitaki kupigwa picha?

Jua si la kulaumiwa, maana hilo hilo likitumiwa kwa adabu hutoa picha njema kupita taa yoyote ya studio. Nilimpiga picha mzee mmoja pale Mikindani, katika nyumba ya zamani ya mawe. Baada ya shikamoo na kahawa nilimwomba ruhusa, naye akafikiri kwanza, kisha akakubali. Aliketi ndani kidogo ya mlango, mwanga wa asubuhi ukimjia ubavuni, na ukuta mweupe wa upande wa pili ukiurudisha kwenye shavu lililokuwa gizani. Mwanga niliupima usoni pake, wala si kwenye kanzu, kwani kanzu nyeupe huidanganya kamera na uso wa mtu mweusi ukatoka kama kaa la mkaa. (Wapiga picha wetu wa harusi, mpo?) Kisha nikaiweka kamera magotini, tukazungumza habari za bei ya pweza na wajukuu walioko Dar es Salaam. Kitambo akanyamaza, akaitazama ghuba. Hapo ndipo nilipobonyeza, mara mbili tu.

Sharti lake lilikuwa moja: nyuma ya picha liandikwe jina lake, la baba yake na la babu yake. Niliandika mbele ya macho yake, naye akalisoma neno kwa neno.

Katika kitabu cha Weule, Matola na Nakaam, wakuu wa Wayao, wameandikwa majina. Wengine wengi wameandikwa kabila na kijiji, basi. Halmashauri zetu zingetoa nakala za kurasa zile, zikabandikwa Newala na Mahuta mahali wazee wanapokaa jioni. Huenda bado yupo mtu atakayeitambua pua ya ukoo wake.