Dang'a: namna ya kukamua na kuhifadhi

Dang'a ni maziwa ya kwanza ya mama: mazito, yanayonata, mara nyingi ya manjano. Matiti huanza kuyatengeneza mimba ingali changa ya miezi minne au mitano, nayo ndiyo chakula cha mtoto kwa siku mbili tatu za mwanzo kabla maziwa hayajajaa. Yana protini nyingi, vitamini A, chembe hai za kinga, na kingamwili za IgA zinazotanda kwenye utumbo na kuzuia vijidudu. Humsaidia pia mtoto kutoa kinyesi chake cha kwanza, kile cheusi kama lami.

Kinachowatia watu wasiwasi ni uchache wake. Katika saa 24 za kwanza mtoto huhitaji mililita 2 hadi 10 tu kila anaponyonya. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Mama huona matone, bibi husema maziwa hayajatoka, na maji ya sukari yanaletwa. Zipo pia familia zinazomwaga dang'a zikidai ni maziwa machafu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa.

Mtoto asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa na mama yake. Wengi wao ni watoto njiti, au wale ambao wao au mama zao wanahitaji uangalizi na wametenganishwa.

Siku hizi za mwanzo mkono huishinda pampu, kwa sababu maziwa mazito na machache huishia kugandamana kwenye mipira na chupa ya mashine. Mama hunawa kwa sabuni, hukanda titi taratibu, kisha huweka kidole gumba juu na vidole vingine chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Husukuma kuelekea kifuani, hubana, huachia. Hurudia bila kuteleza juu ya ngozi wala kuvuta chuchu, na tone la kwanza huweza kuchukua dakika moja au mbili kutokea. Akiumia, ajue anabana vibaya. Tone likining'inia kwenye chuchu, hunyonywa kwa sirinji ndogo isiyo na sindano, au hudondoshewa kijikoni na mtoto hulishwa hapohapo. Mama wa njiti hukamua mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Njiti ambaye hajaanza kulishwa huweza kupakwa matone machache ndani ya shavu.

Kukamua kabla ya kujifungua ni jambo la kuzungumza na mkunga kwanza. Utafiti wa Australia uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 uliwahusu wajawazito wenye kisukari wasio na matatizo mengine. Walikamua mara mbili kwa siku kuanzia wiki ya 36, na utafiti haukuonyesha madhara kwa watoto. Lakini kuchezea chuchu huchochea homoni inayobana mfuko wa uzazi, hivyo aliyetokwa na damu, aliyeshonwa mlango wa kizazi au aliye hatarini kuzaa mapema asijaribu.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam au Mombasa mchana, kipimo hicho ni cha kufikirika tu. Huko yatumike mara moja. Kwenye friji hudumu siku 4. Chombo huandikwa jina, tarehe na saa. Yaliyogandishwa huyeyushwa ndani ya friji au kwa kukalisha chombo kwenye maji ya uvuguvugu. Hayachemshwi, na yakishayeyuka hayarudishwi kugandishwa.

Mama akikosa maziwa, mtoto huweza kupewa ya wahisani. Mwaka 2019 hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilipata benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Katika benki za aina hiyo maziwa ya wahisani hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, na sehemu ya kinga hupotea humohumo. Ya mama mwenyewe hutangulia kila yanapopatikana, hata yakiwa robo kijiko.