Kuongeza watu hakuongezi kasi: somo la Fred Brooks kwa meneja wa mradi

Leo naomba tuzungumze kuhusu meneja wa mradi. Kazi yake hasa ni ipi? Wengi humjua kama yule mtu anayezunguka ofisini akiuliza, "Mmefika wapi?" Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipopewa kazi yenyewe.

Tulikuwa waandishi wa programu watatu hapa Nairobi, tukitengeneza mfumo wa ankara na stakabadhi kwa mteja mmoja ambaye sitamtaja. Miezi miwili kabla ya siku ya kukabidhi kazi, niliona wazi kwamba tumechelewa. Nikafanya lililoonekana la busara: nikaomba watu zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa, sivyo? Nikaongezewa watano. Tukachelewa zaidi!

Baadaye ndipo niliposoma habari za Frederick Brooks, nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa na umri kunizidi.

Turudi Marekani, mwaka wa 1964. Tarehe 7 Aprili, kampuni ya IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta za ukubwa mbalimbali ambazo zingeweza kutumia programu zile zile. Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule, ukinunua kompyuta kubwa zaidi, mara nyingi ulilazimika kuandika programu zako upya. Brooks ndiye aliyesimamia uundaji wa mashine hizo. Kisha, mwaka huo huo wa 1964, akapewa kusimamia mfumo endeshi wake, OS/360, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta nzima, kama Windows au Linux.

Mashine zilifaulu. Mfumo endeshi ukawa mateso. Kazi ilipopamba moto, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameushughulikia kwa wakati mmoja. Ukijumlisha muda wa kila mmoja wao, kati ya 1963 na 1966 mradi ulimeza takriban miaka 5,000 ya kazi. Hata hivyo ulichelewa, ukahitaji kumbukumbu kubwa kuliko ilivyopangwa, na gharama ikapita makadirio mara kadhaa.

Brooks alipokuwa akiondoka IBM kwenda kufundisha chuo kikuu, mkuu wa kampuni, Thomas Watson Jr., alimuuliza kwa nini programu ni ngumu kusimamia kuliko mashine. Jibu lilichukua miaka kumi. Lilitoka mwaka wa 1975 kama kitabu, The Mythical Man-Month.

Hoja yake maarufu zaidi ni kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, utauchelewesha zaidi. Ukitaka kuvuna chai, watu ishirini watamaliza shamba upesi kuliko wawili, kwa sababu kila mtu ana mstari wake. Lakini maharagwe ya githeri hayaivi haraka eti kwa sababu wapishi wameongezeka jikoni. Programu nayo ina sehemu nyingi zinazongojana, na kila mgeni lazima kwanza afundishwe na wale wale wenye kazi nyingi.

Kisha kuna hesabu ya mazungumzo. Watu watatu wana njia tatu za kuwasiliana, wawili wawili. Watu wanane wana njia 28. Nilipopiga hesabu hiyo nilielewa kwa nini wiki zangu za mwisho ziliishia kwenye mikutano.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni kile ambacho Brooks anajilaumu mwenyewe. Wasanifu kumi walisema wangeandika maelezo kamili ya mfumo kwa miezi kumi, ambayo ilikuwa mitatu zaidi ya ratiba. Kikundi kingine cha watu 150 kikasema kingemaliza kwa wakati. Brooks akawapa wale 150. Nao wakachelewa miezi mitatu ile ile, na kazi yao ikawa duni. Kwa makadirio yake, uamuzi huo uliongeza mwaka mzima wa kutafuta na kurekebisha hitilafu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Basi meneja wa mradi hufanya nini? Anaigawa kazi katika hatua ndogo ambazo unaweza kusema imekwisha au haijakwisha, bila "karibu". Anajua hatua ipi inangoja ipi. Anaweka makadirio ya kweli: Brooks alipendekeza theluthi moja ya muda iwe ya kupanga, sehemu moja ya sita ya kuandika programu, na nusu nzima ya kujaribu. Mimi nilikuwa nimetenga wiki moja ya kujaribu! Na zaidi ya yote, anahakikisha mfumo una wazo moja, hata kama umejengwa na mikono mingi.

Mradi wangu uliofuata pia ulianza kuchelewa. Safari hii sikuomba watu. Nilimwendea mteja mapema, nikamweleza hali ilivyo, nikamwomba tukabidhi kwanza ankara na malipo, kisha ripoti za mwisho wa mwezi zifuate baadaye. Alinuna, akauliza maswali makali, halafu akakubali. Tukakabidhi siku tuliyoahidi, tukiwa watatu.

Ile methali ya chawa bado naiamini. Ila siku hizi, kabla ya kuita vidole vingine, najiuliza kwanza: hapa nina chawa, au nina githeri jikoni?