Kuandika programu kwa watu wengi: nani aanze, nani angoje?

Takwimu za kila mwezi za vituo vya afya, kutoka Mitwaba hadi Lubumbashi, zinaingia katika DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo Kongo inaitumia katika SNIS. Programu ya namna hiyo haiandikwi na mtu mmoja. Sasa, watu wengi wanafanyaje bila kuharibiana kazi?

Mgongano unatoka wapi

Tuseme watu wawili wanaandika programu ya kuandikisha wagonjwa, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Wa kwanza anafuta «umri» na kuweka «tarehe ya kuzaliwa». Siku ileile, mwenzake anaandika hesabu ya watoto wa chini ya miaka 5, akitumia ule «umri». Kila mmoja akijaribu kwake, inatembea. Wakiunganisha, hesabu inakufa.

Kuko chombo cha kuunganisha kazi, Git, ambacho Linus Torvalds alianzisha mwaka 2005. Git inapiga kelele kama wawili wamebadilisha mstari mmoja. Lakini hapa kila mtu aligusa pahali pake, basi Git inanyamaza. Juu ya hiyo, chombo peke yake hakitoshi. Lazima kupanga zamu.

Kupanga kazi

- Msingi kwanza: timu inakubaliana majina na aina ya kila habari, mbele ya kuandika fomu na hesabu.
- Kisha wanagawana sehemu zisizotegemeana.
- Kazi ndogo ndogo zinaunganishwa kila siku na kujaribiwa pamoja. Ukingoja mwezi, mafundo yanakuwa mengi.
- Msingi ukibadilika, mmoja anaufanya, wengine wanangoja, wanachukua nakala mpya, kisha wanaendelea.

Mfano wa Eldoret

OpenMRS, programu ya mafaili ya wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ina kiini kimoja na moduli za kuongeza pembeni. Mtu akitaka kitu kipya anaandika moduli yake bila kugusa kiini. Ndiyo maana watu wa nchi mbalimbali wanaweza kuijenga pamoja.

Kungoja zamu kunachosha, ni kweli. Lakini hesabu ya watoto ikipotea, mwuguzi wa kijijini ndiye anarudi kuhesabu kwa mkono, na chanjo zinaagizwa kwa namba isiyo sawa.