Seydou Keïta na Kamera Yake

Seremala haulizwi jina la msumeno wake, lakini mpiga picha huulizwa jina la kamera yake hata kabla ya picha zake kutazamwa. Seydou Keïta wa Bamako alizijua kazi zote mbili. Alizaliwa mwaka 1921 hivi, akakulia katika useremala. Na mwaka 1935 jamaa yake mmoja, aliyerudi kutoka Senegali, alimletea Kodak Brownie, kamera ndogo isiyo na makuu. Kusafisha na kuchapa picha alijifunza kwa Mountaga Dembélé na kwa Mfaransa Pierre Garnier, aliyeuza vifaa vya kazi hiyo mjini humo.

Mwaka 1948 alifungua studio yake Bamako-Koura, karibu na stesheni ya reli, akitumia sasa kamera kubwa ya miguu mitatu. Haki itendeke: kamera hiyo ilikuwa na fungu lake. Negativu yake ilikuwa ya sentimita 13 kwa 18, nayo ililazwa juu ya karatasi ikachapwa kwa ukubwa uo huo, hata nakshi ya vazi ikaonekana wazi. Lakini kamera haikumwambia mteja ageuze bega, wala haikujua vidole vya bibi harusi viwekwe wapi. Pazia la nyuma, kwa miaka ya kwanza, lilikuwa shuka lake la kitandani lenye matamvua. Mwanga aliopenda ni wa jua la uani. Filamu ilikuwa ghali, basi kila mteja alipigwa picha moja tu. Uhaba huo ulimlazimisha kumaliza kufikiri kabla ya kufungua lenzi, na pengine ulimnoa kuliko kamera yenyewe.

Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa New York, na mpigaji akatajwa kuwa hajulikani. Aaminiye kuwa chombo ndicho kipigacho picha asingeona upungufu wowote hapo. Waliozitazama waliuona, André Magnin akaenda Bamako kumtafuta mwenyewe, akamkuta hai, na mwaka 1994 picha zikaonyeshwa Paris kwa jina lake. Baadaye zilichapwa kubwa kupita mteja yeyote wa Bamako-Koura alivyopata kuziona. Mitambo mipya iliziongezea upana na weusi mzito. Mkao wa bega na vidole ulikuwa umekwisha kuamuliwa uani, zaidi ya miaka 30 kabla.