Daftari la Kijiji Linasomwa na Nani?

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, mnajua tena kipindi cha test kilivyo. Leo sina stori ya foleni ya kafteria wala ya bumu kuchelewa. Nina historia, tena historia ya hesabu za serikali za vijijini, na naomba msifunge ukurasa kwanza. Inatuhusu kuliko mnavyodhani.

Imeanzia kwenye semina. Tulipewa mada ya utawala usio wa moja kwa moja Tanganyika, na kila kundi likaja na yale yale ya noti za A-level: Waingereza walikuwa wachache, hawakutaka gharama, wakawatumia machifu. Sawa, ni kweli. Ila hakuna aliyeuliza zile fedha ziliandikwa wapi, aliziandika nani, na nani alikuwa na ruhusa ya kuzisoma. Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Wengi wetu humu tutapangiwa shule za vijijini ambako hakuna mhasibu hata wa dawa, na daftari la fedha litatuangukia sisi.

Turudi nyuma kidogo. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kiwango cha kawaida kijijini kikiwa rupia 3 kwa nyumba. Mwanzoni aliyekosa fedha aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Waliokusanya ni maakida na majumbe, na hesabu zikaenda boma. Mlipaji aliona mali yake inaondoka, basi. Kodi hiyo ni moja ya mambo yaliyowachosha watu hadi vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, hilo wote tumelisoma.

Mabadiliko yanayonivutia mimi yalikuja na Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925 akitokea Nigeria. Mwaka uliofuata, 1926, ikatoka Sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Kabla ya hapo watu walikuwa wakimpa mtemi wao vitu vya jadi: nafaka, pembe, siku kadhaa za kulima shamba lake. Cameron akaona hayo yote yageuzwe kuwa fedha ndani ya kodi. Sehemu ya kodi ikabaki wilayani katika kilichoitwa hazina ya wenyeji, zikaongezwa ada na faini za mabaraza, na humo chifu akalipwa mshahara kama karani. Kule Nigeria ya Kaskazini hazina za namna hiyo ziliitwa Beit-el-Mal. Ndiyo hiyo hiyo baitulmali yetu, ila sisi tulipewa mfumo tukaachiwa jina la kizungu.

Sasa angalieni kilichotokea. Nafaka ya mtemi ilikuwa kwenye ghala, na ghala linaonekana. Kila mtu alijua mwaka huu limejaa au liko tupu, na njaa ikija watu walijua waende kwa nani kudai. Sisemi watemi walikuwa malaika, wapo waliowakamua watu wao vibaya sana. Lakini hesabu yao ilionekana kwa macho. Ilipogeuzwa kuwa fedha, ghala likawa daftari, na daftari lile alilijua karani aliyesoma na bwana shauri aliyekuja kulikagua. Makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka yalipelekwa juu kuidhinishwa. Chifu akiiba, aliyemshtaki alikuwa bwana shauri. Mkulima aliyetoa shilingi zake hakuwa na mahali popote katika mfumo ule zaidi ya kulipa na kutunza risiti yake.

Na vitabu vyenyewe havikuwa vigumu hata kidogo, ndiyo maana nakasirika. Naomba niwaeleze wale ambao hawakusoma Book-keeping. Hesabu za kijiji hazihitaji yale mambo ya debiti na krediti ya mabenki. Zinahitaji kitabu cha stakabadhi chenye namba zinazofuatana, hati ya malipo kwa kila fedha inayotoka, na daftari la fedha lenye upande wa mapato na upande wa matumizi. Tuseme kijiji kimeanza mwezi na sh. 85,000. Kikapokea ushuru wa mnada sh. 140,000. Kikamlipa fundi wa pampu sh. 60,000, na posho za kikao zikala sh. 45,000. Salio ni sh. 120,000. Fungua kasha, angalia na kitabu cha benki, jumlisha. Ukikuta 95,000 kuna mtu ana swali la kujibu, na ukikuta vikaratasi vya "nimeazima, nitarudisha" basi umeshampata. Mtoto wa darasa la tano anaiweza hesabu hiyo.

Ujanja wote uko kwenye stakabadhi. Anayelipa anapewa nakala halisi, nakala za kaboni zinabaki kitabuni. Maana yake mlipaji ndiye mkaguzi wa kwanza, kwa sababu karatasi aliyonayo nyumbani lazima ilingane na ile iliyobaki. Karani mwizi anajua hilo, ndiyo maana anaondoa kaboni, anakuandikia wewe 5,000 na kitabuni anaandika 500. Mkaguzi kutoka wilayani hawezi kuliona hilo akiwa amekaa ofisini. Wa kuliona ni wewe mwenye karatasi, kama siku moja daftari litasomwa mbele yako.

Mwaka 1953 Waingereza walianzisha chuo cha serikali za mitaa pale Mzumbe, kuwafundisha machifu, makarani na madiwani namna ya kuendesha mambo hayo. Wadau wa Mzumbe mnaosoma hapa, mjue chuo chenu kina mizizi kwenye daftari la chifu, teh teh. Baada ya uhuru, mwaka 1963, uchifu ukafutwa kisheria na halmashauri za wilaya zikabeba mzigo: shule za msingi, zahanati, barabara. Mzigo ulikuwa mkubwa, wahasibu walikuwa wachache, na fedha zilipotea. Mwaka 1969 kodi waliyokuwa wakiitegemea ikafutwa, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa, ikaja Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanashuka, lakini aliyeshuka ni mtumishi wa wizara, na hesabu zikawa za serikali kuu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri mwaka 1984 kwamba kuzifuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelifanya kama angeanza upya.

Hapa katikati kuna kipindi ambacho vitabu vyetu vinakipita mbio, na mimi nadhani ndicho chenye utamu. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilikifanya kijiji kuwa mtu kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na vijiji vikaachiwa kazi ya kununua mazao ya wakulima kwa niaba ya mamlaka za mazao. Fikirieni hilo jamani. Kijiji ambacho jana hakikuwa na daftari, leo kina duka, kina mashine ya kusaga, na msimu wa pamba au korosho kinashika fedha za mamia ya watu. Aliyeandika hesabu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mwenye kozi fupi au hana kabisa. Wengine walilewa fedha, wengine walizidiwa tu na kazi.

Lakini wakati huo huo kulikuwa na kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kule Kanda ya Ziwa palikuwa na mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, vitabu vyake vikifundisha kusoma kupitia pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Mzee aliyesoma humo alijifunza kusoma mizani na kujumlisha malipo yake. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na daftari kijijini na kulikuwa na watu wazima wengi wanaoweza kulisoma. Bahati mbaya vitu hivyo viwili havikukutanishwa ipasavyo. Daftari lilibaki kwa katibu, msomaji akabaki na kitabu chake cha pamba.

Sheria za 1982 zilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984, na kodi ya maendeleo ikaja nazo. Wenye kaka wakubwa waulizeni. Stakabadhi ya kodi ilikuwa ya kumwonyesha mgambo njiani, na asiyekuwa nayo alilala porini siku ya msako. Ni karatasi ile ile niliyowaeleza, iliyobuniwa ili mlipaji amkague karani, lakini sasa karani ndiye anayemkagua mlipaji kwayo. Sishangai watu walishangilia ilipofutwa mwaka 2003. Tatizo ni kwamba ilipokwenda, na ule uzi mdogo uliomfunga mwananchi wa kawaida na kitabu cha halmashauri ukakatika. Fedha nyingi sasa zikawa zinatoka Hazina kwenda wilayani, na fedha isiyotoka mfukoni mwako huwa huiulizii sana. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Mnajua wenyewe kwenu inasomwa mara ngapi.

Halmashauri zenyewe ziliendelea na vitabu vyao vya HW5, na ripoti za Mkaguzi Mkuu zilirudia mwaka hadi mwaka habari za vitabu vya stakabadhi ambavyo havikurudishwa kukaguliwa. Kisha zikaja kompyuta, mashine za kukusanyia ushuru, na mwaka 2017 ukaletwa mfumo wa hesabu wa vituo vya kutolea huduma, yaani shule, zahanati na ofisi za vijiji, uitwao FFARS. Mimi siupingi. Ulifikiria hata mahali pasipo na umeme, ukawa na sehemu ya vitabu vya kuandika kwa mkono. Lakini mshale bado unaelekea juu: kituo kinaandika, wilaya inaona, Dodoma inaona. Mama anayeuza maandazi nje ya zahanati haoni kitu.

Na huyo mama msimdharau. Huyo huyo yuko kwenye VICOBA, vikundi vilivyoenea nchini miaka ya 2000. Kasha lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila kikao fedha zinahesabiwa mezani kwa sauti, salio linatajwa, kikao kijacho linatajwa tena kabla kasha halijafunguliwa. Wapo wanachama wasiojua kuandika, na wanalikumbuka salio hadi shilingi ya mwisho. Ukitazama hesabu yao ni ile ile ya hazina ya wenyeji: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tofauti ni nani amekaa kuzunguka meza.

Sasa sisi walimu watarajiwa. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, ruzuku inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango cha shule ya msingi kilikuwa sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 zilibaki serikalini kwa vitabu. Shule ya wanafunzi 400 ni sh. 2,400,000 kwa mwaka, kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Si fedha ndogo kijijini, na mwandishi wake ni mwalimu mkuu ambaye chuoni alifundishwa saikolojia, falsafa ya elimu na mbinu za kufundishia, lakini daftari la fedha hakulishika hata siku moja. Katika kozi zangu zote mpaka sasa, nimetafuta hilo somo silioni.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, shule niliyopangiwa ilikuwa na mwalimu mkuu mmoja mama mtu mzima, tulimwita Mama Mkuu. Alikuwa na utaratibu wake: kikao cha wazazi kikianza, kabla ya mambo ya utoro na chakula, alisimama na daftari akasoma mstari kwa mstari. Nilidhani watu watasinzia. Alipofika kwenye chaki, mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, boksi hilo mjini nimeliona bei ya chini ya hiyo." Mama Mkuu akafungua faili, akatoa risiti ya duka, akampa. Mzee akavaa miwani, akaisoma, akaipitisha kwa jirani yake, na jirani kwa mwingine. Mazungumzo ya bei na nauli ya kufuata chaki mjini yalichukua karibu nusu saa. Mwisho wakakubaliana kwamba mzee mwenyewe, ambaye huenda mnadani kila wiki, ndiye atanunua boksi zinazofuata na kuleta stakabadhi. Mama Mkuu akaandika hilo kwenye muhtasari, akaendelea na mstari uliofuata, wa kufuli za darasa la nne.